Ndege Ambao Sikuwahesabu

Funga mlango, mwanangu, na pazia liache lilivyo, mwanga huo unanitosha. Wewe mwalimu, kaa hapo mezani uandike, na usinisahihishe lugha kama unavyowasahihisha watoto wa watu; andika ninavyosema. Na wewe dereva, hizo funguo unazozichezea ziweke chini, zinanipigia kelele kichwani, na leo nina maneno mengi kuliko pumzi. Kitinda mimba wangu, wewe njoo ukae hapa kitandani, upande huu ambao hospitali walichukua mguu. Nafasi ipo tele, tusiiache ipotee bure. Haya, msicheke kama hamtaki.

Sasa nisikilizeni ninyi watatu, na mtu asinikatize mpaka ninyamaze mwenyewe. Daktari aliwaambia pale koridoni kwamba figo zimechoka na kwamba zilizobaki ni siku za kuhesabu kwa vidole, alidhani nimelala. Leo ni Jumanne. Alhamisi saa tatu asubuhi kamati ya ofisi yetu inakaa, na mwenyekiti atakuwa na barua mbili mezani zinazongoja sahihi yake: moja ya kumfukuza kazi huyu mdogo wenu kwa kosa la kuandika hesabu za uongo za kinamasi, na nyingine ya kuruhusu mfereji wa pili uchimbwe katikati ya kinamasi hichohicho. Barua hizo ni mapacha, wanangu, na aliyezizaa ni mimi.

Lakini nianze na mali, maana ni fupi. Nyumba hii ni yenu wote, haiuzwi wala haigawanywi vyumba kwa mstari wa chokaa; atakayekwama maisha arudi alale, na asiulizwe ataondoka lini. Cherehani ya mama yenu ni ya mwalimu. Baiskeli ni ya dereva, na najua ana gari, ila magari huharibika na hayo makalio yake yanahitaji mazoezi. Darubini na madaftari yangu yote ni ya kitinda mimba, pamoja na kile kiwanja cha ukingoni mwa kinamasi, na kiwanja hicho kisilimwe, kisijengwe, kisipigwe tofali hata moja. Kiachwe kiote matete mpaka mseme baba alirukwa na akili. Mali imekwisha. Sidaiwi na mtu isipokuwa maneno, na hayo ndiyo niliyowaitia.

Kazi yangu mnaijua kama watoto wanavyoijua kazi ya baba, kwamba anatoka na mabuti ya mpira alfajiri na jioni anarudi ananuka tope. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu. Kila mwaka, mwezi wa pili, maji yakishatulia, nilikuwa naingia kinamasini siku kumi na mbili mfululizo, kituo baada ya kituo, vituo kumi na vinne, nahesabu kila ndege anayeonekana, kisha naandika na wengine wasio ndege, fisi-maji, kenge, nzohe, yule swala wa majini, kama Mungu amependa ajitokeze, na vyura kwa kuwasikiliza. Mtaa mzima wakaniita Karani wa Ndege, na wenye midomo yao wakawa wananiuliza kama mshahara nalipwa kwa mayai. Nilikuwa nawajibu kwamba nalipwa kwa mayai na marupurupu ni manyoya.

Ndege elfu wakiruka pamoja huwezi kuwahesabu mmoja mmoja, utapagawa. Unanyoosha mkono, unakunja ngumi, unahesabu wale wanaofichwa na ngumi, halafu unahesabu ngumi. Kila mia ikitimia unahamisha punje moja ya harage kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, na jua likizama unakaa juu ya jiwe unahesabu maharage. Huyu mdogo wenu alipokuwa darasa la kwanza nilimbeba mabegani mpaka kituo cha tatu, nikampa maharage yake, tukahesabu kundi moja la bata, akanizidi kwa sita. Nilimcheka. Nikarudia kuhesabu, nikakuta yeye ndiye aliyepatia. Mwalimu, hilo liandike vizuri, uweke na mstari chini, kwa sababu kamati inasema mtoto huyu hajui kuhesabu.

Ninyi wakubwa mnakumbuka kulikuwa na nini kule. Mafunjo yalikuwa marefu kuliko nyumba hii, na ndani yake yangeyange weupe walikuwa wanatua kila jioni mpaka miti ikainama, na minandi wakikausha mabawa, na koikoi wamesimama kama wenye nyumba, na kereng'ende wa rangi sita niliowahi kuwaandika. Perege walikuwa wanaficha vifaranga wao kwenye mizizi ya mafunjo ambako nyavu hazifiki. Mto ulikuwa unaingia upande wa juu ukiwa mwekundu kwa udongo wa mashamba ya watu, ukishapita kwenye mafunjo unatoka upande wa chini unaona mpaka kokoto. Na mvua ikikata miezi minne, visima vya mtaa huu vilikuwa na maji bado, kwa kuwa lile tope linayashika na kuyaachia kidogo kidogo. Watu wanasema kinamasi ni mahali pa mbu tu. Nawaambia mbu walikuwa wachache kipindi kile kuliko sasa, kwa sababu walikuwepo wa kuwala.

Miaka ishirini niliandika kweli tupu. Madaftari ya jalada la bluu yote ni kweli; mtu akitaka kujua kinamasi kile kilikuwa nini, asome ya bluu. Yenye jalada jekundu ni tisa, na nitawaambia yana nini.

Miguu ilianza kufa ganzi miaka kumi na moja iliyopita. Sukari hiyo, nilikuwa nayo sijui. Siku moja nilirudi kutoka kituo cha tisa, nikavua buti, nikalikuta limejaa damu. Kisiki cha tete kilikuwa kimetoboa mpira na kuingia unyayoni, na mimi nilikuwa nimetembea nacho saa nne bila kusikia kitu. Mama yenu alilia. Mimi nilikuwa nautazama ule mguu kama wa mtu mwingine aliyekuja kutembea. Nikamwambia nyamaza, usimwambie mtu, ofisini wakijua siwezi kuingia majini wataniondoa, na watoto watatu wako shuleni. Sababu ilikuwa hiyo. Naitaja kwa kuwa ni ya kweli, sisemi kwamba inatosha. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wazee, na mimi nilikuwa nausema usemi huohuo kwa wagonjwa wa watu huku nimeficha mguu wangu kwenye soksi.

Miaka miwili nikahesabia ukingoni kwa darubini, nikikadiria vituo vya ndani. Hapo bado nilikuwa mtu mwenye haya kidogo. Mwaka wa tatu jeraha lilifunguka tena mwezi uleule wa pili, sikuweza hata kufika ukingoni, na fomu zilikuwa zinangojwa. Sasa, fomu yetu ile ina jambo moja ambalo aliyeichora hakulifikiria: kando ya safu ya mwaka huu, iliyo tupu, wamechapa safu ya mwaka jana, imejaa. Nia yao ilikuwa kumsaidia mhesabu alinganishe. Nilikaa kwenye meza hiyohiyo unayoandikia, mwalimu, nikaitazama safu ya mwaka jana, nikachukua kalamu, huyu nikampunguzia kumi na saba, yule nikamwongezea tisa, wale nikawaacha walivyo. Ukiziacha zote sawasawa utakamatwa. Ukizitikisatikisa kidogo zinakuwa na uhai. Nilimaliza kabla chai haijapoa. Mkuu wa takwimu, yule tuliyempachika jina la Bwana Jedwali, akaniandikia barua ya pongezi kwa kazi nadhifu.

Nilikuwa nimejiambia ni mwaka huo mmoja. Mwaka uliofuata, safu ya mwaka jana ilikuwa ni uongo wangu mwenyewe, nami nikauzaa upya. Nikafanya hivyo miaka tisa. Mnataka kujua nilikuwa najisikiaje? Mwanzoni nilikuwa silali. Baadaye nikawa nalala. Ganzi haikuishia miguuni, wanangu, ilipanda, na mpaka naongea nanyi hapa nangoja aibu inishike, naona haiji. Nawasomea haya kama mtu anayesoma tangazo lililobandikwa ukutani.

Na msidhani nilikuwa sijui. Nilikuwa najua kama mtu anavyojua paa linavuja, anahamisha kitanda. Mama yenu, Mungu amrehemu, aliamka asubuhi moja akasema hakupata usingizi, na nilipomuuliza nini kilichomsumbua akasema ukimya. Akaniuliza, "Vyura wamehamia wapi?" Nikamwambia watarudi mvua zikinyesha. Mvua zikanyesha, nikaongeza sauti ya redio.

Jirani yetu mvuvi, yule mzee mnayemwita Baba Nyavu, ndiye mtu pekee aliyenijia uso kwa uso. Alikuja na ndoo ina perege wanne, kila mmoja hajafika kiganja, akaimwaga hapo barazani. Akasema, "Bwana Karani, hii ni kazi ya usiku kucha. Juu kule wanapiga dawa za mashamba zinashuka na maji, watu wanachoma mafunjo wapate majani mapya ya ng'ombe, wengine wanafukua udongo wa tofali palepale samaki wanapotagia. Bandu bandu huisha gogo. Wewe ndiye mwenye kalamu, andika." Nami, wanangu, nilimjibu nini? Nilimwambia takwimu zangu zinaonyesha kinamasi kiko salama, na kama hapati samaki atazame nyavu zake. Mzee yule alizoa samaki wake mmoja mmoja, akaondoka, na tangu siku ile hajanisalimia. Mnadhani tuligombania mpaka wa kiwanja. Hatukugombania kitu. Nilimtukana mtu aliyekuwa anasema kweli, nikatumia karatasi kumtukania.

Halafu ukaja mfereji wa kwanza. Miaka minne iliyopita wakubwa walitaka kukausha upande wa juu wapate mashamba, sheria ikasema lazima kwanza ithibitishwe kwamba viumbe havitadhurika, na Bwana Jedwali akachomoa fomu zangu kabatini. Barua ya kibali ilisema, nimeikariri: idadi ya ndege imebaki thabiti kwa miaka mitano mfululizo. Thabiti! Mwenyewe niliithibitisha kwa kalamu na kikombe cha chai.

Dereva, ile kazi ulipewa wewe, nami nilifurahi kama baba yeyote kijana wake akipandishwa kwenye katapila. Unakumbuka ulinipigia simu siku ya pili ukiwa unacheka? Ulisema, baba, tope hili lina maajabu, kila nikishusha kijiko natoa samaki kamongo aliyelala, amejizungushia udongo kama mwiko umefungwa kitambaa, wako kwa makumi, vibarua wanawajaza kwenye magunia. Mimi nilijua wale wamejifukia wakingoja maji yarudi. Wanaweza kungoja hivyo mwaka mzima bila kula. Nilijua pia maji hayarudi. Nikakwambia, haya, mwanangu, fanya kazi kwa uangalifu. Sikukulaumu siku ile na leo sikulaumu. Wewe ulichimba kwa kibali, na kibali kilitoka mezani kwangu.

Ungedhani hapo ningeacha. Lakini tazameni mtego ulivyokuwa: mwaka ule baada ya mfereji ndege walitakiwa wapungue, na kama ningewapunguza ghafla mtu angeuliza, mtaalamu angetumwa, angeingia na mabuti yake, na yote yangefumuka. Nikawaacha hawajapungua. Kwa hiyo sasa wanasema mfereji wa kwanza haukuua hata ndege mmoja, basi wa pili utaua nini? Umenisikia, mwalimu? Andika polepole. Mfereji wa pili unasimama juu ya uongo wangu wa baada ya mfereji wa kwanza, na kinamasi kilichobaki ni kile cha katikati, vituo vitano tu, na hicho kikikatwa hakuna tena.

Nipe maji. Kidogo. Yatosha.

Sasa ninakuja kwako, mama, kitinda mimba wangu. Mguu ulipokatwa mwaka jana nikastaafu, na kwa kuwa ulikuwa na cheti cha chuo na jina langu lilikuwa zuri, kiti changu wakakupa wewe. Mwezi wa pili ukavaa mabuti, ukaingia kinamasini siku kumi na mbili, ukarudi umeungua jua na midomo imepasuka. Mahali ambapo safu yangu ilisema yangeyange elfu mbili na mia nane, wewe uliandika mia tatu na kumi na mmoja. Aina ishirini na sita ziko kwenye fomu. Kwenye tisa uliandika sifuri. Hakuna mhesabu mvivu anayeandika sifuri, wanangu, mvivu anaandika kama nilivyoandika mimi. Lakini Bwana Jedwali alikuita, akakwambia ndege elfu mbili na nusu hawawezi kutoweka ndani ya miezi kumi na miwili, kwamba ulikuwa umelala kivulini, kwamba unamvunjia heshima baba yako aliyejenga rekodi ile. Wakakupa onyo, kisha onyo la pili, kisha hii ya Alhamisi.

Nawe ulikuja kwangu na fomu mkononi. Ulikaa pale kwenye kigoda ukaniuliza, "Baba, nimekosea wapi?" Mwanangu, ilikuwa fursa yangu hiyo, tena tulikuwa wawili tu. Nikakwambia, rudi ukaangalie vizuri, wanajificha ndani ya mafunjo. Ukarudi. Ulirudi peke yako, siku zako za likizo, ukahesabu vituo vyote kumi na vinne mara ya pili, ukapata mia tatu na nne. Nikakwambia basi labda darubini ina ukungu. Miezi minane nimekutazama unakonda, na nilikuwa nawaza kitu kimoja tu, kwamba nife kabla haijajulikana. Mtu anaweza kumpenda mtoto wake na kumfanyia hivyo. Nilikuwa siamini, sasa najua.

Ndiyo hayo. Nimemaliza la moyoni, dereva, usiniangalie hivyo. Sema. Sema sasa, nakupa ruhusa.

Ninakusikia. Unasema mfereji wa pili ukizuiwa na wewe huna kazi, mkopo wa katapila uko shingoni, na una watoto. Ni kweli, yote uliyosema ni kweli. Nami nilikuwa na watoto. Ndivyo nilivyoanza, mwanangu, kwa neno hilohilo, na mpaka namaliza nimewaachia watoto haohao visima vya matope na mbu. Sikuamuru. Nina nguvu gani ya kuamuru mtu, hata uji nalishwa. Nakuomba tu, Alhamisi kama utashindwa kusema, usipinge. Mruhusu mdogo wako apite.

Na wewe hapa kitandani? Unalia? Usilie, mimi silii. Unasema nini? Sogea, sikio hili limeziba. Sema tena.

Unasema ulijua.

Tangu lini? Mwezi wa nne. Ulijuaje?

Mwalimu, ameisema, andika: anasema alipekua mafaili ya zamani ajitetee, akakuta fomu ya miaka sita iliyopita, kituo cha tisa, imesainiwa na mimi tarehe kumi na nne mwezi wa pili, na tarehe ile mimi nilikuwa wodini kwa jeraha la mguu, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa ananishikia beseni. Ah. Hilo sikulifikiria. Miaka tisa nikitikisatikisa tarakimu zisifanane, tarehe nikaisahau. Njia ya mwongo ni fupi.

Basi ushahidi ulikuwa nao mkononi tangu mwezi wa nne. Fomu moja na kadi moja ya hospitali, ungeziweka mezani mwa Bwana Jedwali asubuhi moja, mambo yamekwisha, na mimi ndiye ningeitwa mwongo. Ukanyamaza. Kila Jumapili ulikuja kunikata kucha, ukaniambia habari za hali ya hewa. Ulikuwa tayari kufukuzwa kazi na jina lako kuchafuka, ili mimi nife naitwa karani hodari.

Ngojeni. Ngojeni kidogo.

Hapa pameuma. Hapa kifuani, si ugonjwa, msimwite mtu. Nilidhani pamekufa. Mwanangu, ningepigwa kofi na wewe mbele ya mtaa mzima isingeniuma hivi.

Haya. Muda umekwisha wa kulia, sikilizeni maagizo. Mwalimu, uandike mwishoni hivi: mimi, mhesabu wa kinamasi kwa miaka thelathini na moja, fomu zangu za miaka tisa ya mwisho ni za uongo, nilizijaza nyumbani, na hesabu ya binti yangu ndiyo ya kwanza ya kweli tangu hapo. Usinitetee. Usiandike habari ya mguu wala ya ada za shule. Hizo ni zenu, kamati haziihusu. Kalamu siiwezi, nitaweka dole gumba. Muuguzi akija saa kumi kubadilisha bandeji atakuwa shahidi, nimeshamwambia, alikubali kabla hata hajajua ni nini. Kadi ya hospitali iko kwenye mkoba wa mama yenu, ndani ya Kitabu. Madaftari yote mpeleke, ya bluu na mekundu, na mseme lipi ni lipi.

Kwa Baba Nyavu aende dereva, si mwingine. Umpe mkono, umwambie Karani alisema nyavu zako hazikuwa na kosa. Asiposema kitu, usingoje jibu. Ukimpata ana nafasi, mwombe aje kwenye kikao, kwa kuwa yeye ameona kwa macho na sisi wengine tuliona kwa karatasi.

Na wewe, ukishinda au usiposhinda, mwezi wa pili uingie tena. Wakikunyima fomu, andika kwenye daftari la shule. Usiandike unachotamani kukiona. Wakiwa watatu, andika watatu, na usiwahurumie wakubwa wala usinihurumie mimi. Kinamasi hakina mdomo, mwanangu, kina tarakimu tu, na nilizichukua tarakimu zake nikazitumia kukinyamazisha.

Nimechoka. Mwanga huo mmepunguza? Basi ni macho.

Radhi yangu mnayo wote watatu, bila masharti. Dereva, na wewe, hata ukinyamaza Alhamisi, radhi unayo, sitaki mtu abebe kitu kutoka kitanda hiki. Mungu awape riziki isiyowalazimisha kudanganya. Awape watoto wenye kuwauliza maswali, na ninyi mpate ujasiri wa kujibu. Mkipendana, mengine yatajitengeneza. Msipopendana... aa, mtapendana.

La mwisho. Sogeeni, sauti inakwisha.

Huenda nikaondoka kesho. Huenda Alhamisi yenyewe, alfajiri. Nawajua, mtataka kulia, mtataka kuita ndugu, kuweka maturubai, kukoroga uji wa wageni, na kikao mtakisahau, na wao watasema mwenye kosa hakufika, wapige sahihi zote mbili kabla ya saa nne. Sitaki. Mkinikuta baridi, nifunikeni shuka. Msimwambie mtu. Fungeni mlango.

Nawe, kitinda mimba, uvae lile gauni la bluu, upige pasi. Ubebe karatasi.

Nendeni wote watatu. Saa tatu muwe ndani.

Mimi sina haraka... mkirudi mtanikuta.